Dogo alificha kosa siku 2: nimfukuze, niongeze watu, au nirudi kuandika programu?

Swali nimeletewa na dada mmoja wa Dar, nalifupisha ila maneno ni yake: "Shikamoo kaka. Mwaka jana nilipandishwa kuwa kiongozi wa kiufundi, nina madevelopa 6 chini yangu, tunatengeneza mfumo wa shule kupokea ada kwa simu. Walinipa kwa sababu mimi ndo nilikuwa naandika sana kuliko wote. Sasa hivi nalala saa 7 usiku, kila kitu kinanisubiri mimi nikipitie, kwenye mitingi wenzangu wako kimya kabisa. Januari hii dogo mmoja aligusa kitu, malipo ya wazazi yakawa yanaandikwa mara 2, akakaa nalo siku 2 bila kusema mpaka shule zikaanza kupiga simu. Bosi anasema nimfukuze dogo, na ataniongezea watu 3. Nifanye nini ili timu hii isimame? Au nirudi tu kuandika programu, uongozi niwaachie wengine?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa Januari, najua msimu wa ada ulivyo, wazazi wote wanalipa ndani ya wiki hizo hizo 2 na mfumo ukiyumba kidogo tu simu zinaanza kuita toka alfajiri. Umeniuliza mengi lakini nimesoma meseji yako mara 3 na kilichonikaa ni hizo siku 2. Kosa lenyewe linarekebishika, hela zilizoandikwa mara 2 mtazipanga mtazisawazisha yataisha. Lakini mtu mwenye akili zake anayejua kabisa kwamba hesabu za ada zinavurugika, anakaa kimya siku 2, na meza yake iko hatua 4 toka kwako, huyo kuna kitu anakiogopa kuliko anavyoogopa hesabu kuharibika. Na kama yeye anaogopa basi na wale wengine 5 wanaogopa, yao tu bado hayajaonekana. Kwaiyo kabla hujafukuza na kabla hujaongeza mtu, jua kwanza wanaogopa nini.

Twende kwenye kosa lenyewe maana nadhani nalijua hata kabla hujanielezea vizuri. Mzazi akilipa kwa simu, mtandao wa simu unatuma taarifa kwenye seva yenu, ile kompyuta inayoendesha mfumo, kwamba fulani kalipa kiasi hiki, namba ya muamala hii hapa, na seva yenu inatakiwa ijibu haraka kwamba nimepokea. Januari seva imezidiwa, inachelewa kujibu, upande wa pili wanaona kimya, bas wanatuma tena taarifa ile ile, na hapo hawajakosea kitu, ndo ilivyopangwa ili taarifa isipotee njiani. Sa kama databezi yenu, pale rekodi zote zinapokaa, haijawekewa kizuizi kwamba namba moja ya muamala haiandikwi mara 2, taarifa ya pili inapokelewa kama malipo mapya na mtoto anaonekana kalipiwa ada mbili. Hilo shimo halikuchimbwa na dogo. Lilikuwepo toka siku ya kwanza mlipounganisha na mtandao wa simu, na kwa unavyoeleza ni wewe uliyeandika sehemu kubwa ya hiyo kazi, au uliipitisha. Yeye inawezekana aligusa kitu kikafanya seva izidi kuchelewa ndo shimo likaonekana, angeweza kuwa yeyote, na ungekuwa wewe ungeshakuwa umelirekebisha usiku huo huo wala bosi asijue. Sikulaumu, nakuonyesha tu kwamba kufukuza mtu hakuzibi hilo shimo, na dogo akiondoka anaondoka na ile picha nzima ya nini kilitokea saa ngapi, ambayo we ndo unaihitaji sana saa hizi.

Nikupe mfano wa watu walioharibu kuliko nyie mbali sana. Tarehe 31 Januari 2017 pale GitLab, ile kampuni ambayo madevelopa wengi tunahifadhi kazi zetu, injinia mmoja alikuwa kazini usiku, databezi yao ya akiba imebaki nyuma ya ile kuu, anajaribu kuianzisha upya inagoma. Akaona afute folda ya data kwenye ile ya akiba ili ianze ikiwa tupu. Akaandika amri, akabonyeza, ikapita sekunde moja au 2 ndo anagundua dirisha alilopo ni la seva kuu. Akakatisha, lakini katika GB kama 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia bekapu, yani nakala za data zinazotunzwa kwa dharura. Bekapu ya kila siku ikakutwa haipo kabisa, programu ya kutoa nakala ilikuwa toleo tofauti na databezi yenyewe kwaiyo ilikuwa inagoma, na barua pepe za kuwajulisha kwamba imegoma zilikuwa zinakataliwa njiani, hamna mtu aliyeziona. Kilichowaokoa ni nakala moja ambayo injinia huyo huyo aliitoa kwa mkono kama masaa 6 kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa ya majaribio. Yani aliyefuta ndo huyo huyo aliyeokoa.

Sa angalia walivyofanya. Jamaa alisema pale pale. Kampuni ikafungua hati ambayo mtu yeyote duniani aliweza kuisoma, kazi ya kurudisha data wakairusha laivu YouTube watu wanaangalia, na kwenye ripoti yao ya mwisho aliyefuta ameitwa mwanatimu namba 1, hakuna jina, na hawakumfukuza. Maswali kwenye ile ripoti ni kwanini seva 2 zilikuwa zinafanana kiasi kwamba mtu mchovu anaweza kuzichanganya, kwanini bekapu ilikufa bila mtu kujua, nani alikuwa na jukumu la kujaribu kuirudisha. Walipoteza data ya masaa kama 6 hivi, miradi kama 5,000, maoni 5,000 na watumiaji wapya kama 700, inauma, lakini we fikiria yule injinia angekaa kimya siku 2 akijaribu kujiokoa mwenyewe na ile nakala ya bahati ikafutwa na nakala nyingine mpya. Kusema mapema ndo kilichookoa kazi za watu.

Na hili halipo kwa wanaoandika programu peke yao. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, miaka ya 1990 alichunguza timu za manesi hospitalini na makosa ya kutoa dawa, akitegemea timu nzuri zitakuwa na makosa machache. Ikatoka kinyume, timu nzuri ndo zilikuwa na makosa mengi kwenye ripoti. Baadae akaelewa kwamba hawakuwa wanakosea zaidi, walikuwa wanasema zaidi, wale wengine walikuwa wanayafunika. Google nao walipochunguza timu zao kama 180 kuanzia 2012 kutafuta timu bora ina nini, cha kwanza kilichotoka ni hicho hicho, kwamba mtu anaweza kusema nimekosea au sijaelewa bila kudhalilika. Nakwambia hivi ili usidhani ni maneno matamu ya kubembelezana. Timu ambayo kiongozi wake haletewi makosa, makosa yapo, ila anayajua wa mwisho.

Sa jiulize, mara ya mwisho mtu wa timu yako kukuletea habari mbaya, ulifanya nini dakika 5 za kwanza? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Wengi wetu tunakosea hapo bila hata kupaza sauti. Unavuta pumzi, unamwambia "hebu sogea", unakaa kwenye laptopu yake unarekebisha mwenyewe haraka haraka yeye kasimama nyuma yako, unamaliza unarudi mezani kwako hujasema neno baya hata moja. Wewe unaona umemsaidia. Yeye amejifunza kwamba akileta tatizo ananyang'anywa kibodi mbele za watu, na siku nyingine atajaribu kulimaliza mwenyewe kimya kimya kwanza, itamchukua siku 2.

Na kwetu hapa kuna zigo lingine ambalo vitabu vya Wazungu havilisemi. Tumelelewa mkubwa hakosolewi hadharani. Dogo anakusalimia shikamoo asubuhi, halafu saa 4 kwenye mitingi unategemea akwambie mbele ya watu kwamba mpango wako una kasoro? Hasemi. Ukiuliza "mmeelewa?" watajibu tumeelewa, wote, tena kwa pamoja, hilo swali lifute kabisa kwenye mdomo wako. Uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa ndio. Mwambie kila mtu aandike kwenye karatasi, kabla hajaongea mtu yeyote, kitu kimoja kwenye hii kazi ambacho kinamtisha au anaona kitavunjika. Dakika 5 za kimya, watu wanaandika, halafu zinasomwa kuanzia kwa mdogo kabisa kwenda juu, wewe wa mwisho. Mkubwa akishasema ametoa hukumu, hamna tena mazungumzo. Mara ya kwanza utapata karatasi zimeandikwa "hamna", usikate tamaa, na siku hiyo wewe anza kwa kuwasimulia kosa lako, la kweli, lenye tarehe na hasara, na uwaambie hilo shimo la malipo kuandikwa mara 2 nililiacha mimi. Wakiona dari haijaanguka wiki inayofuata mmoja ataandika kitu.

Kikao cha kuongelea tukio la Januari kifanye, na bosi asiwepo, mwombe kabisa asije utampelekea maandishi. Andikeni ubaoni mwenendo wa saa kwa saa, nini kilionekana, nani alijua nini wakati huo. Usiulize "kwanini ulifanya vile", hilo swali kwa Kiswahili ni kesi, mtu anaanza kujitetea papo hapo. Uliza "wakati ule ulikuwa unaona nini kwenye skrini mpaka ukaona hatua ile ndo sahihi". Hapo utashangaa mambo yatakayotoka, mtasikia kwamba kuna ukurasa wa ripoti unadanganya, kwamba pasiwedi ya seva anayo mtu mmoja, kwamba alijaribu kukupigia saa 3 usiku ukawa bize na mteja.

Haya, la pili, kila kitu kinakusubiri wewe. Hili nimelipitia mwenyewe. Mwaka niliopandishwa nilikuwa na timu ya watu 5, sehemu ambayo sitaitaja, na nilijiona mchapakazi maana hamna mstari wa programu uliokuwa unaenda laivu kwa wateja bila mimi kuuona. Ikatokea msiba nyumbani, nikasafiri kwenda Songea na kutoka hapo ndani ndani kijijini, siku 4 mtandao hamna. Narudi nakuta kazi 11 zimemalizika zimekaa. Kulikuwa na dada mmoja kwenye timu, ana uzoefu kuliko hata mimi, kakaa siku 3 ananisubiri nimruhusu kubadilisha maneno 2 kwenye risiti, neno moja lilikuwa limekosewa herufi na mteja analalamika. Nikamuuliza dada yangu si ungepeleka tu? Akanijibu kwa upole, "Ulisema kila kitu kipite kwako." Kweli nilisema. Nilikuwa nimesahau hata nililisema lini. Wao hawakusahau.

Siku ile nikachukua daftari nikaandika kwa wiki 2, kila kazi, saa mtu aliyomaliza na saa mimi niliyoipitia. Kuandika kazi yenyewe ilikuwa inachukua siku moja, moja na nusu. Kunisubiri mimi ilikuwa siku 3. Fanya hivo na wewe kabla ya kubadilisha chochote, wiki moja tu inatosha, maana bila hizo namba bosi ataendelea kuamini kwamba timu inaandika taratibu na dawa ni watu zaidi, wakati kazi zimeisha zimelala mlangoni kwako.

Ukishaona namba, gawa mlango. Kwenye watu 6 lazima una wakongwe 2 au 3, waambie kwa maandishi, mbele ya wote, kwamba hawa wanaweza kupitisha kazi ya mwenzao yeyote na ya kwako pia, mtu asisubiri zaidi ya nusu siku, na anayepitisha hana haja ya kukuuliza. Kazi zinazogusa hesabu za malipo zipitiwe na watu 2, zingine zote mmoja. Kazi ziwe ndogo ndogo. Mtu akikuletea mabadiliko ya mistari 2,000 hakuna anayeyasoma, watu wanapitisha macho tu wanaandika "iko poa", mwambie aikate vipande 5. Na yale malumbano ya nafasi na mabano na majina yakae vipi ndani ya programu iachie mashine, kuna programu za kupanga hivo vitu zenyewe, binadamu asitumie heshima yake kumkosoa mwenzie nafasi. Utaogopa mwanzoni, kuna kitu kitapita ambacho we usingekipitisha. Kitapita kweli. Ndo hapo testi za kompyuta, yani programu ndogo zinazoujaribu mfumo zenyewe, na uwezo wa kurudisha toleo la jana kwa dakika chache vinapokuwa na thamani kuliko macho yako ya saa 7 usiku.

Maana macho ya mtu mmoja hayatoshi hata akiwa hodari vipi. Tarehe 1 Agosti 2012 Knight Capital, kampuni ya kununua na kuuza hisa Marekani, walikuwa na seva 8 zilizotakiwa kupandishiwa programu mpya, fundi akapandisha kwenye 7, moja ikasahaulika, na hapakuwa na utaratibu wa mtu wa pili kuhakiki. Soko likafunguka, ile seva moja ikaamsha programu ya zamani iliyotakiwa kuwa imeshazikwa, ikaanza kununua na kuuza hovyo, dakika 45 zimeondoka na zaidi ya dola milioni 440. Na kabla soko halijafunguka mfumo wenyewe ulikuwa umeshatuma barua pepe 97 kuashiria kuna kitu hakiko sawa. Hakuna aliyezichukulia kama kengele. Ona zinavyofanana na zile za GitLab, taarifa ilikuwepo, haikufika kwenye sikio la mtu. Kwaiyo kama unataka kazi moja ya kiufundi ya kufanya kwa mikono yako mwezi huu, usichukue kipengele kipya, chukua hii: upandishaji wa toleo jipya ufanywe na mashine kwa kitufe kimoja, sawa kwenye seva zote, na malipo yakianza kutofautiana na taarifa za mtandao wa simu, simu ya mtu iite. Iite, isitume barua pepe.

Iite ya nani? Ya zamu. Sa hivi naamini inaita ya kwako tu au ya yeyote aliyeko onlaini kwenye grupu la WhatsApp. Weka zamu ya wiki wiki, jina limeandikwa ukutani, anayekaa zamu apewe bando na posho, na akiamshwa usiku asubuhi yake apumzike bila kuomba. Hilo la posho ni la kwako kulipigania kwa bosi, madevelopa hawawezi kujipigania wenyewe. Na mambo ya umeme na intaneti vile vile ni kazi yako, watu wanaona madogo lakini ndo yanayokula siku za timu. Mei 2024 mikonga ya baharini ya EASSy na Seacom, inayotuletea intaneti, ilipokatika nchi nzima ikawa inahangaika, kuna timu zilikaa siku nzima hazifanyi kitu kwa sababu kila mradi ukiufungua unataka kushusha vitu toka Ulaya. Timu iliyokuwa na nakala zake kwenye seva ya ofisini iliendelea na kazi.

Kuhusu watu 3 wa bosi. Fred Brooks, aliyesimamia mfumo endeshi wa kompyuta za IBM System/360 miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa kunauchelewesha zaidi, na mpaka leo sijaona pakikosea. Piga hesabu na bosi wako akiwa anaangalia. Nyie sasa hivi ni 7 na wewe, njia za mtu kuongea na mtu ni 21. Mkiwa 10 zinakuwa 45. Watu wameongezeka karibu nusu, maneno yameongezeka mara mbili. Na hao 3 wapya nani atawafundisha mfumo? Wewe, ambaye tayari kila kitu kinakusubiri. Mwambie bosi asante, hizo hela naziomba, lakini nipe miezi 3 nifungue mlango kwanza, halafu nipe mtu mmoja ambaye kazi yake ni kujaribu mfumo, na kabla hajaja tutaandika jinsi ya kuuweka mradi kwenye laptopu mpya mpaka ufanye kazi. Kipimo ni kwamba mtu mpya akija Jumatatu, kufika Ijumaa kitu chake kidogo kiwe kimeenda laivu. Kama kwenu inachukua mwezi, watu 3 wapya ni miezi 3 ya mishahara ya kusubiri.

Kuna ambacho hukukisema ila nakihisi, watu wa mauzo wanatuma voisi noti moja kwa moja kwa madevelopa. "Kaka naomba uiongezee shule fulani kitu hiki leo leo." Dogo hawezi kumkatalia mtu wa mauzo. Kila ombi liingie kwenye orodha moja inayoonekana na wote, na mpangilio ubadilishwe mara moja kwa wiki, mkiwa na mauzo hapo hapo, wao wenyewe wachague kipi kishuke ili chao kipande. Usijifanye wewe ndo lango la kukataa, utakuwa umehamisha foleni tu. Na Disemba katikati mpaka mwisho wa Januari fungeni, hakuna kitu kipya kinachoenda laivu zaidi ya kurekebisha kilichovunjika. Wenye maduka wanajua, hubadilishi rafu siku ya sikukuu.

Kitu kingine kidogo, wapeleke madevelopa shuleni. Siku ya kufungua shule wakae na mhasibu pale dirishani nusu siku, waone mzazi anavyofika na meseji ya simu, mhasibu anaitafuta kwenye mfumo haioni, foleni nyuma yake. Wale waliotengeneza M-Pesa, majaribio yao ya 2005 Nairobi na Thika yalikuwa ya kulipia mikopo ya Faulu, taasisi ya mikopo midogo ya Kenya, wateja hawakufika hata 500, na ni kwa kuwa karibu na wale wateja ndo wakaona watu wanatumiana hela wao kwa wao, mpaka Machi 2007 inaingia sokoni Kenya imekuwa huduma ya kutuma hela nyumbani. Developa aliyemuona mhasibu anatokwa jasho haachi taarifa ya malipo iandikwe mara 2, na akiiacha kwa bahati mbaya hakai nayo siku 2.

Urudi kuandika programu? Andika, usiache, ukiacha kabisa miaka 2 utakuwa unaamua vitu usivyovijua. Ila usichukue kazi ambayo wengine wanaisubiri ili waendelee. Chukua testi, chukua zana za timu, chukua zile kasoro ndogo ndogo zinazowasumbua kila siku na hakuna aliyepewa muda wa kuzitoa. Na masaa mengine kaa pembeni ya mtu. Ukishafungua mlango ile saa 7 usiku itashuka, haitashuka wiki ya kwanza, mimi ilinichukua kama miezi 4 kuanza kutoka kazini jua lipo.

Na dogo usimfukuze. Kesho asubuhi kabla ya mitingi muite, chai mezani, mwambie ukweli, kwamba zile siku 2 zilikuuma, na muulize alikuwa anafikiria nini, halafu nyamaza mpaka amalize hata akikaa dakika nzima hajasema. Mkimaliza nendeni kwenye mashine yake, kibodi ashike yeye. Waambieni kwanza shule msibofye chochote kwa dakika 10, mtoe nakala, mzipange zile rekodi zilizojirudia, kisha aweke kile kizuizi cha namba ya muamala kwenye databezi, aandike na testi inayotuma taarifa moja mara 2 na kuhakikisha imeandikwa moja. Kipitiwe na watu 2, usiwe mmoja wao. Kikienda laivu, barua ya kuzieleza shule nini kilitokea na nini kimerekebishwa aiandike yeye, uisahihishe Kiswahili tu, na chini msaini timu nzima, jina lako likiwa la kwanza.